Kilomita za Watu kwenye Goti la Binti Yangu

Kila asubuhi wanakimbia kuzunguka yale maji ya Flagey, bwawa la katikati ya mji huu wa Wabelgiji, wazungu na siku hizi na sisi pia, na hakuna anayewakimbiza. Mimi hukaa kwenye benchi nikiwatazama. Wanaume wazima wenye mvi wamevaa suruali za kubana mpaka kila kitu kinaonekana, wanapita mbele ya mama za watu bila hata bonjour. Uso umekunjamana kama wa mtu anayezaa. Wakimaliza wanasimama, wanatazama saa ya mkononi kana kwamba imewatukana, halafu wanaanza tena palepale walipotoka. Nimeishi mji huu miaka mingi na sijamwona hata mmoja aliyefika.

Kwetu Lubumbashi, nilipokuwa msichana, waliokimbia asubuhi walikuwa askari wa kambi, na walikimbia kwa sababu mkubwa wao alikuwa nyuma na fimbo. Mwingine aliyekimbia alikuwa mwizi. Mwanamke mwenye nyumba yake alitembea. Aliyeogopa kuchelewa aliondoka mapema.

Kwa hiyo siku binti yangu alipotoka chumbani na viatu vya rangi ya limau, nilimuuliza swali la haki.

"Nani anakukimbiza?"

"Maman, ni docteur. Anasema sukari iko karibu kupanda."

"Sukari ikipanda, acha soda. Frigo imejaa soda."

"Nitaacha pia soda."

"Anza na soda. Soda haiombi viatu."

Akatoka. Huyo ndiye binti yangu, ana miaka arobaini na kitu, kichwa kigumu tangu tumboni. Anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee: anawaosha, anawageuza kitandani, anawainua na kuwaweka kwenye kiti, anawarudisha. Mimi naishi kwake pamoja na wajukuu zangu wawili, ambao wanakula kama watu wanaosafiri kesho. Baba yao yuko Liège na maneno yake, sitaki kumweka hapa.

Sitasema uongo, kukimbia kule mwanzoni kulimfaa. Alipungua. Alilala vizuri. Aliacha kupumua kwa kelele kwenye ngazi. Sikumsifu, maana mtu akisifiwa kwa upuuzi ataendelea nao.

Angekimbia kimyakimya kama wale wa Flagey, mimi nisingekuwa na la kuandika. Lakini sisi hatujui kufanya kitu kimyakimya. Kanisa letu liko nyuma ya stesheni ya Gare du Midi, na kila Jumapili kuna saa ya ushuhuda. Mtu anasimama, anaeleza Mungu amemtendea nini, watu wanaitikia, anakaa. Jumapili moja binti yangu akasimama. Nilimshika sketi, nikachelewa.

"Bandugu, Yesu asifiwe!"

"Amina!"

"Mungu amenitoa mu kiti, ameniweka mu barabara! Mwezi ya tano mutaniona mu ile mbio kubwa ya mji. Vingt kilomètres, kilomita makumi mbili!"

"Amina!"

"Na sitakimbia bure. Kila kilomita nitaibeba na maombi ya jamaa moja ya hapa. Mwenye kuwa na mzigo, aniletee!"

Ibada ilipokwisha walimzunguka kama watu wanavyomzunguka mwenye nyanya za mwisho pale soko la Midi, saa za kufunga. Huyu anataka kilomita ya tumbo la mkwe wake ambalo halijashika mimba. Yule anataka kilomita ya visa ya mume. Papa mmoja shemasi anataka ya mgongo wake. Pasta alichukua ya kwanza, ya kuomba jengo kubwa zaidi, na pasta wetu ana tumbo, hakimbii ila akiona mwandika faini amesimama karibu na gari lake. Ya mwisho ilichukuliwa na maman wa kwaya, yule wa kofia pana, kwa ajili ya karatasi za kusafiri za kijana wake aliyebaki Lubumbashi.

"Ile ya mwisho Mungu anaangalia zaidi," alisema. "Juu pale muntu anakuwa amechoka."

Kwenye tram nilimuuliza binti yangu kama Mungu hajui tena kupokea maombi ya mtu aliyekaa.

"Maman, hii iko imani."

"Imani weka mu roho. Weye umeiweka mu miguu."

Akatazama dirishani. Alikuwa na furaha, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Goti lilianza kuuma wakati baridi inaisha. La kulia. Kwanza aliumwa akishuka ngazi, baadaye akiinuka kitini, mwisho akiinama kitandani kwa wazee. Alinificha, lakini nyumba yetu ni ndogo na ngazi ni za mbao. Nilisikia mguu mmoja unashuka, wa pili unaufuata palepale, kama mtoto anayejifunza. Alipaka pomada. Alipaka mafuta ya pasta. Alifunga kitambaa. Alinunua viatu vingine vyenye soli nene kama mkate, eti vinameza kishindo. Vilimeza, vikacheua.

Kazini mkubwa wake alimuuliza kuna nini, akasema hakuna kitu. Akamuuliza tena, akaongeza kwamba asiyeweza kuinama hawezi kubaki kwenye vitanda. Nyumbani kwetu maneno hayo hayahitaji mkalimani. Goti lile ndilo linaloinua wazee, na wazee wale ndio wanaoweka sufuria yetu motoni. Mimi sina pensheni ya nchi hii na wajukuu bado wako shule.

"Acha kukimbia," nikamwambia.

"Siwezi. Nimepewa."

"Umepewa nini? Hewa?"

"Bantu wameniaminia, maman."

Nilikwenda siku moja kumsikiliza. Sikusema kumtazama. Nilikaa kwenye benchi langu, nikafumba macho, na kabla hajapita nilijua ni yeye. Puu. Puu. Puu. Ulikuwa mlio wa mwanamke anayetwanga majani ya sombe akiwa na hasira na mawifi zake. Bata waliokuwa njiani waliinuka wakaingia majini. Nikafungua macho: hatua ndefu, kisigino kinatupwa mbele, mwili mzima unakifuata na kukiangukia.

Ndipo daktari akampeleka kwa yule wanayemwita kine, mtu wa viungo na misuli, ambaye chumba chake kiko barabara ya Chaussée de Wavre, juu ya duka la vitenge. Alipotuambia kwamba huko watamfundisha kukimbia upya, nilivaa koti langu nikaenda naye. Kuna mambo mtu akihadithiwa hawezi kuamini. Kumfundisha mtu mzima kusoma, sawa. Mimi mwenyewe shule niliiacha mapema na nisingekataa kurudishwa. Lakini kukimbia! Mbuzi huzaliwa asubuhi na jioni anakimbia, wala hakuna aliyemwekea miadi.

Kine alikuwa msichana wa Kibelgiji, mwembamba, nywele amezifunga juu ya kichwa kama kitunguu. Akampandisha binti yangu juu ya mashine yenye mkanda unaozunguka: unakimbia na hauendi popote. Nikasema haya, hawa angalau ni wakweli, wamefuta hata barabara. Akapiga picha za miguu kwa simu, zile zinazotembea kama sinema, halafu akatuonyesha polepole.

"Tazameni," alisema kwa Kifaransa chake cha haraka. "Mguu unatua mbali, mbele ya mwili. Kisigino kinapiga kwanza na goti limenyooka. Kila hatua ni kama kufunga breki. Paja linavuta kwa nguvu ili usianguke, na pia ya goti inagandamizwa kwenye mfupa ulio chini yake. Mara moja si kitu. Lakini yeye anafanya hivyo kila hatua, asubuhi yote."

"Donc amekimbia vibaya tangu azaliwe?" niliuliza.

"Hapana, madame. Si vibaya. Watu wengi wanakimbia hivyo na hawaumwi popote. Ni goti lake tu limechoka na mzigo huo. Tunajaribu kuupeleka mahali pengine."

Nikatazama huku na huku kuona hapo mahali pengine ni wapi.

Akamwambia apunguze urefu wa hatua na kuzifanya za haraka, mguu utue karibu chini ya mwili wake, si kule mbele. Akamwambia ainame mbele kidogo, mwili mzima, bila kujikunja kiunoni. Na akanyage kimya. Kisha akaweka simu ikawa inalia ta-ta-ta-ta, binti yangu aifuate. Alionekana kama mwanamke anayekimbilia choo cha jirani na hataki ijulikane. Nilicheka, sikujificha. Lakini yeye hakucheka. Alikuwa ametoa macho.

"Maman, hainilume."

"Bado."

"Maman, nakuambia hainilume!"

Kine akazima mashine, akamkalisha, akaongea naye kama mtu anayemkabidhi mtoto funguo. "Sikiliza vizuri. Mzigo haupotei. Ukiutoa kwenye goti unashuka chini, kwenye shavu la mguu na ule mshipa wa nyuma ya kisigino. Hivyo havijazoea. Kwa hiyo ni kidogo kidogo. Unakimbia dakika chache kwa namna hii, unatembea, unarudia. Kila juma unaongeza kidogo. Na usijilazimishe kwenda juu ya vidole kama mcheza densi. Sijakuomba vidole. Nimekuomba hatua fupi."

"Ni kama kumtua mtoto mmoja ndoo na kumtwika mdogo wake," nikasema.

"C'est ça, madame! Ni hivyo hasa!"

Alifurahi sana. Mimi sikwenda pale kufurahisha mtu. Nilikwenda kudharau, na ilinikera kwamba aliyoyasema yaliingia akilini.

Sasa mtu mwingine yeyote akiambiwa kidogo kidogo, anafanya kidogo kidogo. Lakini binti yangu amekulia kanisa letu, na kanisa letu halina kidogo kidogo. Mtu anaingia saa nne akiwa mlevi, anatoka saa saba ameokoka. Pombe haipunguzwi, inamwagwa. Marafiki wa zamani hawasalimiwi tena. Mtu mpya yuko hapa, wa kale amekufa, na ole wake atakayeonekana amekaa katikati. Nimewaona wengi wakiokoka hivyo, na wachache wao ninawaona bado. Basi binti yangu akayachukua maneno ya yule msichana akayaokokea. Kisigino kikawa dhambi.

Kwenye simu alipata wahubiri wa vidole, wanaume wenye ndevu wanaokimbia msituni bila viatu na kusema kwamba kisigino kimeletwa na viwanda. Aliwasikiliza akipika. Viatu vya soli ya mkate akampa jirani, akanunua vingine vyembamba kama soksi. Na kuanzia siku ya pili, si ya saba wala ya mwezi, siku ya pili, alikimbia mwendo wake wote juu ya vidole, mpaka ule msitu wa Bois na kurudi. Hata jikoni alitembea hivyo.

"Hapa ndani watu hawanyati," nilimwambia.

"Nyumba iko yangu, maman."

"Na masikio iko yangu. Kanyaga chini nikusikie unapotoka."

Goti lilinyamaza, hilo ni kweli. Alishuka ngazi kama msichana. Kazini aliinama na kuinuka, mkubwa wake akaacha kumtazama. Na Jumapili, nilijua, sikujisumbua hata kushika sketi.

"Bandugu, ile hatua ya kale imekufa!"

"Amina!"

"Nilikuwa napiga kisigino, shetani alikuwa anakaa mu goti. Leo niko muntu mupya!"

"Amina! Amina!"

Mungu wangu. Juma lile kanisa zima lilipanda juu ya vidole. Mama wazito, wenye magoti yaliyovimba tangu wakiwa kwetu Kolwezi, walipanda ngazi za ukumbi wakinyata kama wanaiba. Papa shemasi alijaribu kukimbilia basi mbele ya Gare du Midi kwa namna mpya. Basi liliondoka, Biblia ikabaki kwenye maji ya mvua. Waliokosa kilomita walikuja kuomba nusu. Hata maman wa kwaya alinijia, kofia mbele, kuniuliza vidole vinawekwaje.

"Maman," nikamwambia, "na hizo viatu zako za talon ndefu, weye uliokoka zamani."

Hakupenda.

Mbio zilipokuwa zimekaribia, majuma machache tu yamebaki, binti yangu alirudi kutoka Bois akishika vyuma vya nyumba za watu. Nilimwona kutoka dirishani. Anashika chuma, anaruka na mguu mmoja, anashika kingine. Shavu la mguu lilikuwa gumu kama jiwe, na nyuma ya kisigino mshipa ulikuwa umevimba kama mtu ameingiza kidole chini ya ngozi. Kuweka wayo sakafuni hakuweza. Kesho yake alikwenda kazini hivyo hivyo, na mkubwa wake akamrudisha kabla ya saa sita, akamwambia apumzike juma zima, kisha wataonana waongee. Hapo dharau yangu ilinyamaza kidogo. Kidogo tu.

Kine aliugusa mguu, akainua macho.

"Ulifanya kiasi gani?"

"Tout. Yote."

"Kuanzia lini?"

"Siku ya pili."

Yule msichana akakaa chini. "Nilisema kidogo kidogo."

"Ndiyo."

"Sasa kwa nini?"

Binti yangu alitafuta Kifaransa chake chote asipate cha kusema. Nikamsaidia.

"Mademoiselle, ameokoka."

"C'est-à-dire? Yaani nini?"

"Ametubu kisigino."

Hakuelewa, maskini, lakini mguu aliuelewa. Alisema mshipa haukukatika, utapona ukisikilizwa. Kuhusu mbio, hakuzungusha. Akirudi kwenye hatua zake za zamani, goti. Akienda na mpya, mshipa. Kwa mwendo ule wote, mwaka huu, hana mguu wa kuubeba. "Ukilazimisha, unaweza kumaliza," alisema. "Watu wanamaliza. Ila sikuahidi kwamba baada ya hapo utaweza kumwinua mtu kazini."

Siku iliyofuata nilikuwa mezani nachambua lengalenga. Yeye amekaa mbele yangu, mguu juu ya kiti, ameuwekea mfuko wa njegere za barafu. Wajukuu walikuwa shule.

"Nitakimbia tu," akasema. "Mungu atanibeba."

"Mungu akitaka kukubeba, kwa nini ukimbie? Kaa akubebe."

"Usicheze na hii, maman."

"Sichezi. Nimeacha kucheza tangu juzi."

"Maman wa kwaya amesha kumwambia mutoto yake kule. Anajua kilomita yake iko ya mwisho. Anangojea."

"Anangojea karatasi ya ofisi. Hangojei kisigino yako."

"Nikirudisha watasema imani yangu iko kidogo."

"Watasema. Midomo iko yao. Na mkubwa yako ku kazi atasema nini? Na weye utawaambia nini watoto, mama yenu alimaliza mbio?"

Njegere zilikuwa zinayeyuka, maji yanashuka kwenye kiti. Baada ya muda akaanza kunieleza, wala sikuwa nimemuuliza, habari za mzee mmoja kule kazini, mwalimu wa zamani, mzungu mkali, ambaye hataki kuinuliwa na mwingine. Akija mwingine anashika kitanda kwa mikono miwili na kupiga kelele. Yeye akija anamwekea mikono shingoni kama mtoto.

"Juma hii yote sijui nani anamwinua," akasema.

Nilimsukumia bakuli la mboga amalizie, maana mikono yake haikuwa na ugonjwa wowote.

Jumapili alisimama saa ya ushuhuda. Niseme hapa kwamba tangu nianze kusali katika kanisa lile sijawahi kuona mtu akisimama kurudisha ushuhuda wake. Ushuhuda wetu ni wa kwenda tu. Aliyeponywa akiugua tena anaugulia kwake, na aliyepata visa ikakataliwa anabadilisha kanisa. Kwa hiyo aliposimama, mpiga gitaa aliweka vidole tayari, na watu wakaanza Amina kabla hajafungua mdomo.

"Bandugu, goti imepona. Mushipa ya nyuma njo imeharibika. Kine alinionya niende pole pole, miye nilienda kwa nguvu. Sitakimbia. Kilomita zenu ninawarudishia, kila muntu achukue yake."

Mkono wa mpiga gitaa ulibaki hewani. Mtoto mmoja aliangusha chupa ya maji, tukaisikia ikienda mpaka ukutani. Pasta, ambaye kazi yake ni kuokoa, akajaribu kuokoa.

"Tuombee goti ya dada yetu!"

"Goti iko bien, pasta," akasema binti yangu. "Ni mushipa."

Wengine wakacheka, wakajiziba midomo. Papa shemasi akatikisa kichwa kama mtu aliyeuziwa samaki mbovu. Halafu ile kofia ikainuka mstari wa mbele.

"Na yangu?"

"Maman, yako ile ile. Chukua."

"Nilimwambia mutoto yangu. Sasa hii kilomita nitaiweka wapi?"

Binti yangu alifungua mdomo, na nikaona anaenda kulegea. Nikamwona akipima mguu wake pale chini, anaugusisha sakafuni, anauondoa. Sentensi moja zaidi na angesema haya, ya kwako nitaikimbia, hiyo moja tu. Namjua. Nikasimama. Mimi sisimami kanisani ila kwa wimbo.

"Maman, weye uko na magoti mbili," nikasema. "Piga, uombe. Mutoto ni wako."

"Muone huyu! Miye naongea na binti yako."

"Na miye naongea na weye. Binti yangu amemaliza. Kaa, mama," nikamwambia binti yangu, na akakaa.

Yule maman hakupiga magoti. Alikuwa amevaa nyeupe. Pasta akaomba wimbo, na gitaa likaanza kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Kwenye tram, tulipokaribia kushuka, binti yangu akanigeukia.

"Ulinifezehesha, maman."

"Ulijifezehesha mwenyewe. Miye nilikusindikiza."

Alirudi kazini, kwanza kwa kazi za kukaa, kukunja nguo na kulisha wasioweza kushika kijiko, kisha vitandani. Juu ya yule mzee mkali hakunieleza kitu, ila jioni ya siku ile ya vitanda alirudi na alama za vidole shingoni.

Siku ya mbio tulikuwa tunaenda kanisani. Tram ilitushusha kabla ya Avenue Louise, haiwezi kuvuka, barabara imejaa watu maelfu wanaokimbia, na sisi na mifuko yetu, mavazi yetu ya Jumapili, tumesimama ukingoni kama mbuzi. Msichana mwenye kizibao cha njano akatuambia tungoje nafasi. Tukangoja. Nimewahi kuona watu wengi wakienda upande mmoja, lakini walikuwa na sababu. Hawa walikuwa wekundu, wanatoa jasho, wanacheka, mmoja amevaa kama ndizi.

Binti yangu alikuwa anatazama miguu yao.

"Yule anafunga breki," akasema, kwa sauti ya chini. "Ona. Na yule. Na yule pale iko ku vidole, vingt kilomètres, mama yangu, huyo atalia."

"Wacha walie. Tumechelewa."

"Mwaka ujao labda."

"Mwaka ujao nitakuwa nimekufa, utafanya unachotaka."

"Unasema hivyo kila mwaka."

Msichana wa njano akainua mkono, nafasi imepatikana. Akanishika kiwiko, tukavuka. Alitembea polepole, kisigino kwanza, halafu wayo wote, kama watu wanavyotembea. Nyuma yetu walikuwa wameshaanza kupita tena.